Saa Tisa na Dakika Arobaini

Nimeizima mwenyewe, nakula yamini.
Nilisubiri hadi feni ikaishiwa pumzi,
hadi kitaa cha kijani kikafumba jicho,
nikaifunika kwa kitambaa cha mama
kama mtu afunikavyo tundu la kasuku.
Na usiku, saa tisa na dakika arobaini,
sebule nzima inageuka buluu,
mashine imekaa macho
inanidai nywila.

Usiku wa kwanza nikasema ni mimi, uzee.
Wa pili nikasema ni paka,
lakini Tizón alikuwa amelala miguuni pangu
na mlango wa sebule nimeufunga.
Wa tatu nikampigia Evaristo, mtoto wa kaka yangu,
auzaye simu huko Quilpué
na ajuaye kila kitu kwa sauti ya juu.

"Chomoa kipanya, shangazi."
Nikachomoa kipanya. Ikawaka.
"Kibodi." Ikawaka.
"Waya wa mtandao, labda kuna mtu anabisha hodi kutoka mbali."
Nikauchomoa, nikaukunja, nikautia droo ya vijiko.
Ikawaka.
"Basi ni ratiba za ndani, zile zinazoamka usiku kama wezi."
Nikazifuta moja moja, hadi macho yakaniwasha.
Ikawaka, skrini safi, haina hata haya.

Jumapili akaja na bisibisi.
Akaipasua ubavu, akapuliza vumbi la miaka tisa,
akachomoa nyuzi mbili za kitufe, nyembamba kama tambi.
"Sasa hata ukibonyeza, haiwaki."
Kweli. Nilibonyeza, haikuwaka.
Usiku ikawaka.

Bi Herminda wa ghorofa ya nne akaniletea maji ya baraka.
Nikamwambia mashine na maji havipatani,
hata maji yakiwa na cheti.

Usiku wa saba sikulala.
Nilijitanda poncho, nikawasha taa ya mezani,
nikaketi mbele yake. Kungoja nakujua:
miaka thelathini nachapa kesi za watu,
waliyoyasema, waliyoyakana,
na kikohozi cha katikati.
Nje, baridi ya Julai ilikuwa ikipanda kilima cha Polanco
ngazi kwa ngazi, bila haraka.

Saa tisa na dakika arobaini
taa ilikonyeza. Mara moja tu.
Friji ikakohoa.
Ndipo mashine ikaamka.

Nikageuka. Saa ya maikrowevu
ilikuwa sifuri, sifuri, ikipepesa,
kama ilivyopepesa wiki nzima
nami nikiipita na kikombe changu
nikiiona ya kijinga.
Shahidi alikuwa jikoni siku zote,
hakuna aliyemwita.

Kisha, kutoka chini ya sakafu, harufu ya mkate.
Tanuri jipya la umeme! Lile lililoshushwa na watu sita
Jumatatu ya juzi, mimi nikitazama dirishani.
Likimeza umeme, jengo zima linakata roho
kwa nusu ya kupepesa.

Evaristo, sauti nzito ya usingizi,
akanielekeza kwenye menyu ya chini kabisa,
ile inayotangulia kila kitu.
Swali lilikuwa hili:
umeme ukikatika, kisha ukarudi, mashine ifanye nini?
Iwake.
Ikae kimya.
Irudi ilivyokuwa.

Nililikodolea macho kuliko ilivyohitajika.
Mwaka alioondoka Leoncio
hakuna aliyeniwekea menyu.
"Shangazi, upo?"
Nipo. Nikachagua ikae kimya.

Usiku uliofuata ililala.
Mimi nikaamka.
Nikashuka na ndara, nikagonga mlango wa ubavuni.
Baudilio akafungua, unga hadi kwenye nyusi:
"Umejuaje kwamba kuna mtu saa hizi?"
"Nimeambiwa na friji."
Alicheka peke yake, kisha akanipa marraketa ya moto,
nikaibeba kwa ncha ya poncho.
Mkate wake huuzwa kwa kilo.
Huu hakuupima.